Safari ya Mbuga kutoka Thika na Ruiru: Mwezi Kwanza, Mbuga Baadaye

Safari ya kutazama wanyama wa savana hupangwa kwa kalenda kabla ya kupangwa kwa ramani. Mwezi ndio unaoamua kama familia itawakuta tembo wamejaa kando ya mto au itashinda ikisukuma gari kwenye tope. Baada ya mwezi huja barabara, na mbuga huja ya tatu. Wengi hufanya kinyume: mbuga huchaguliwa kwanza, kwa kawaida Maasai Mara kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye runinga, pesa zikachangwa, kisha ikatafutwa wikendi ambayo watoto hawako shuleni. Wikendi hiyo ikiangukia Aprili, pesa zimeingia kwenye mvua.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Ruiru, Juja, Thika na viunga vyake, awe anasafiri kwa gari lake, kwa van ya kukodi au pamoja na wenzake wa chama. Unazingatia jambo moja ambalo hupuuzwa: Thika iko kaskazini mwa Nairobi, na barabara ya kwenda Laikipia, Samburu na Meru huanzia mlangoni. Mkazi wa Lang'ata hana bahati hiyo.

Kwa nini mvua ndiyo inayoamua

Savana ya Kenya ina misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna viangazi viwili. Cha Januari na Februari kina jua kali. Cha Juni hadi Septemba ni kirefu zaidi, na asubuhi zake huwa na baridi ambayo mtu wa Thika anaijua vizuri kutoka Julai.

Wakati wa kiangazi vidimbwi hukauka, na wanyama hulazimika kurudi kwenye mito, chemchemi na vinamasi visivyokauka. Simba na chui hufuata mawindo huko huko, kwa hiyo dereva anajua pa kungoja. Nyasi nazo zimepungua na miti imepukutisha majani. Mvua ikinyesha, maji na malisho hupatikana kila mahali. Makundi hutawanyika, na simba aliyejilaza kwenye nyasi ndefu haonekani hata akiwa hatua kumi kutoka kwenye gari.

Kisha kuna udongo. Tambarare nyingi za wanyama zina udongo mweusi unaonata, ule ule unaowasumbua wajenzi wa Juja na Ruiru. Ukilowa, hushika magurudumu na kujaza nafasi yote kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Van ya kawaida, isiyovuta kwa magurudumu manne, haitoki hapo bila kuvutwa. Udongo huo uko Mara, uko Ol Pejeta, na uko hata katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Msimu wa mvua una fadhila zake. Hoteli hupunguza bei, vumbi hutulia, na kati ya Oktoba na Aprili ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa wamejaa. Kwa upande mwingine, kiangazi kikipita kiasi hakifurahishi. Katika ukame wa 2022, Wizara ya Utalii ilihesabu vifo vya tembo 205, nyumbu 512 na punda milia 381 kati ya Februari na Oktoba, vingi vikiwa katika maeneo ya Amboseli, Tsavo na Laikipia-Samburu. Mwaka wa ukame mkali, msafiri hukuta mizoga kando ya njia, na ni vyema mzazi wa watoto wadogo ajue mapema.

Mlango wa kaskazini

Kutoka Thika, barabara hupita Kenol hadi Makutano na kugawanyika: kushoto Sagana, Karatina na Nanyuki, kulia Mwea, Embu, Chuka na Meru. Hakuna foleni ya Nairobi hata moja.

*Ol Pejeta.* Hifadhi hii iko karibu na Nanyuki, mwendo wa saa tatu hivi kutoka Thika. Ndiko waliko Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani; dume la mwisho, Sudan, alikufa hapo Machi 2018. Kuna pia makao ya sokwe waliookolewa. Kwa mwenye usiku mmoja tu wa kulala nje, hii ndiyo safari yenye faida kubwa kuliko zote kutoka Thika. Ni eneo la nyanda za juu: makoti yanahitajika mwezi wowote.

*Samburu, Buffalo Springs na Shaba.* Mapori haya matatu ya akiba yako karibu na Archers Post, baada ya Isiolo. Mto Ewaso Ng'iro hutenganisha Samburu na Buffalo Springs. Hapa kuna wanyama ambao Mara haina: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio makubwa ya duara, twiga wenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, choroa wenye pembe ndefu zilizonyooka, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu. Nchi ni kavu, kwa hiyo mto ndio kila kitu. Julai hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, anayeegesha gari kando ya Ewaso Ng'iro majira ya saa kumi alasiri huletewa tembo na mto wenyewe. Lakini mto huo huo si wa kuchezewa: Machi 2010 ulivunja kingo na kusomba kambi kadhaa za watalii. Mvua inaweza kuwa imenyesha mbali milimani huku Samburu jua likiwaka.

*Meru.* Mbuga hii ya kilomita 870 za mraba ilitangazwa mwaka wa 1966 na inajulikana kwa Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson. Njia ni ya Embu na Meru mjini, kisha barabara ya Maua hadi lango la Murera. Ina hifadhi ya vifaru na vijito vingi vyenye minazi pori, na magari ni machache mno. Mtu anaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kukutana na van nyingine. Upungufu wake ni nyasi, ambazo hukua ndefu sana baada ya mvua. Agosti na Septemba ni nzuri. Mei na Juni, huwa ni safari ya kutazama nyasi. Kuna mbung'o pia, na wadudu hao huvutwa na nguo za buluu iliyokolea na nyeusi. Watalii hawavai rangi ya kaki kwa mapambo.

Magharibi: Mara na Bonde la Ufa

Maasai Mara huwa bora kati ya Julai na Oktoba, wakati nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na maelfu kwa maelfu ya punda milia, hufuata majani mabichi kutoka Serengeti. Wanaondoka kusini kwa sababu malisho ya huko yamekauka, na hurudi mvua za vuli zinapoanza. Kuvuka kwa Mto Mara hakuna ratiba. Kundi linaweza kusimama ukingoni kutwa nzima na kugeuka jioni, na kampuni inayoahidi kuvuka siku fulani inauza isichokuwa nacho. Anayetaka kuona hilo atenge usiku tatu, si mmoja. Kwa simba, duma na fisi, Mara haihitaji nyumbu. Januari na Februari zinatosha, na magari huwa machache zaidi.

Masika ni habari nyingine. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulifurika usiku, kambi kadhaa zikajaa maji, na watu wakaokolewa kwa helikopta.

Kufika huko kunahitaji kukwepa Nairobi. Anayetoka Ruiru anaweza kupitia Githunguri hadi Uplands, kisha akateremka kurudi Rironi na kushika njia ya Mai Mahiu na Narok. Anayekwenda Naivasha au Nakuru kutoka Thika hupanda barabara ya Gatukuyu na Kamwangi hadi Magumu, mahali pajulikanapo kama Flyover. Njia zote mbili ni nyembamba na zina kona nyingi kati ya mashamba ya chai. Kati ya Juni na Agosti, ukungu wa alfajiri upande wa Kinale na Magumu huwa mzito kiasi cha kuficha taa za nyuma za lori lililo mbele. Saa moja iliyookolewa kwa kukwepa Nairobi inatosha bila kuongeza mwendo wa kasi hapo; ni heri kuondoka Thika saa kumi na moja badala ya saa tisa usiku, ili ukungu uanze kuinuka kabla ya gari kufika juu.

Ziwa Nakuru linafaa karibu mwezi wowote, kwa vifaru hasa. Anayefuata heroe atahitaji kupunguza matumaini: ziwa limepanuka sana tangu miaka ya 2010, na ndege hao wamehamia kwingine kwa wingi. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni mahali adimu ambapo mtu huendesha baiskeli kati ya twiga na punda milia. Korongo lake ndilo lenye hatari. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba waliokuwa wakitembea ndani yake. Wingu likionekana upande wowote, korongo haliingiwi, hata kama mwongozaji anasema hakuna neno.

Kusini: Amboseli na Tsavo

Barabara ya Eastern Bypass, inayoanzia Kamakis, Ruiru, humfikisha msafiri Barabara ya Mombasa bila kuona katikati ya jiji. Kwa Amboseli, hukatwa kulia Emali hadi lango la Kimana, lami karibu njia nzima.

Amboseli ni ndogo, kilomita 392 za mraba, na ina siri moja chini ya ardhi: maji ya Kilimanjaro hupenya kwenye miamba na kuchomoza kama vinamasi katikati ya nchi kavu. Ndiyo maana tembo hawaondoki hata jua likiwa kali kiasi gani, ingawa mvua zikiisha ndipo hujaa zaidi. Mlima wenyewe hujificha mawinguni mchana. Huonekana alfajiri na tena kuelekea jioni, hivyo anayeingia langoni saa nne asubuhi na kutoka saa tisa atarudi Thika akiwa na picha za mawingu.

Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka wa 1948, ni kubwa mno kwa siku moja. Zinafaa kuunganishwa na safari ya Mombasa. Treni ya kawaida ya reli mpya, ile inayosimama vituo vya njiani, hushusha abiria Voi, karibu na lango la Tsavo Mashariki, na gari la kukodi huwangoja hapo. Huokoa siku nzima ya udereva.

Karibu na nyumbani

Kabla ya kutumia akiba ya mwaka mzima, familia inaweza kujipima kwa siku moja. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilifunguliwa mwaka wa 1946 na ina simba na vifaru ndani ya kilomita 117 za mraba. Hapa pia Februari na Agosti hushinda Mei.

Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo, iko jirani zaidi: barabara ya Garissa, katikati ya mananasi ya Del Monte, kisha kulia hadi soko la Donyo. Ni mlima wa msitu wenye urefu wa mita 2,145, si savana, na simba hakuna. Nyati wapo, kama jina linavyoonya, kwa hiyo hupandwa pamoja na askari wa wanyamapori. Kaburi la McMillan, mlowezi aliyemiliki ardhi ya hapo, liko njiani kuelekea kileleni. Siku ya mvua barabara hiyo huteleza vibaya.

KISANDUKU: Likizo tatu, mbuga gani?

- *Aprili:* Ziwa Nakuru, Nairobi au Kilimambogo siku isiyo na mvua. Mara, Samburu na Meru zisubiri.
- *Agosti:* Mbuga yoyote. Mara ina nyumbu lakini imejaa watu na bei iko juu. Samburu na Ol Pejeta ndizo zenye nafuu kwa mtu wa Thika.
- *Desemba:* Amboseli na Tsavo, hasa baada ya katikati ya mwezi vuli ikipungua. Vyumba vya wiki ya Krismasi hutafutwa kuanzia Septemba.

Hatua za kupanga

1. *Chagua mwezi.* Andika majuma ambayo kila mtu ana nafasi, kisha futa yaliyo kwenye mvua kubwa. Angalia pia utabiri wa msimu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Vuli ya mwaka wa El Niño si vuli ya kawaida.

2. *Hesabu saa za barabarani.* Saa tatu kwenda huruhusu usiku mmoja. Saa tano au zaidi zinadai usiku mbili, la sivyo safari nzima itakuwa ya kutazama lami.

3. *Jua ni nani anayeendesha mbuga.* Nairobi, Tsavo, Meru, Nakuru, Hell's Gate na Ol Donyo Sabuk ziko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, na malipo hufanywa kwa eCitizen, si kwa noti langoni. Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, Samburu chini ya kaunti yake, na Ol Pejeta ni hifadhi binafsi. Kila moja ina njia yake ya malipo. Viwango hubadilika, kwa hiyo hutazamwa wiki ya safari, si kwenye karatasi ya mwaka jana.

4. *Soma muda wa tiketi.* Kuna tiketi za saa 24 na kuna zinazokoma jioni ile ile. Ya saa 24 ina ujanja wake: anayeingia saa tisa alasiri na kulala ndani hupata jioni moja na asubuhi moja nzima, nyakati mbili bora za kuona wanyama, kwa malipo ya siku moja. Anayeingia saa nne asubuhi hutumia saa za mwanzo akiwatazama simba waliolala.

5. *Chagua gari kulingana na msimu.* Kiangazi, van yenye paa la kufunguka inatosha karibu kote. Matatu ya kawaida ya viti 14 haina paa hilo, na abiria wa katikati hawatapiga picha hata moja. Kwenye mvua, dai gari linalovuta kwa magurudumu manne au ahirisha. Uliza idadi ya viti mapema, maana ada ya gari langoni hufuata viti.

6. *Hakiki kampuni.* Iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, na malipo yaende kwa nambari ya kampuni, si simu ya mtu binafsi. Dereva mwongozaji mzuri huwa na cheti cha KPSGA, chama cha waongozaji safari, cha shaba, fedha au dhahabu. Uliza aina ya cheti, kisha uliza mara ya mwisho alipofika mbuga hiyo.

7. *Weka nafasi, kisha piga simu siku mbili kabla.* Swali ni moja: barabara za ndani zikoje leo? Mhudumu wa hoteli atajibu kwa uaminifu zaidi kuliko mwuza safari.

TAHADHARI

Milango ya mbuga za KWS hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kuchelewa ndani ni kosa. Mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa, na gari haliachi njia hata duma akiwa kichakani. Hakuna anayeshuka isipokuwa mahali palipoandikwa hivyo.

Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi tangu Juni 2020. Katoni ya maji iliyonunuliwa dukani Thika itabaki langoni; bebeni mitungi na chupa za chuma.

Laga, yaani mkondo mkavu unaojaa ghafla, hauvukwi ukiwa na maji yanayokimbia, hata kama gari la mbele limepita.

Sehemu nyingi za savana ni za joto kuliko Thika na zina mbu. Daktari au mfamasia huulizwa kuhusu malaria kabla ya safari, hasa kwa watoto na wajawazito.

Madirisha hufungwa wakati wa kula. Nyani wa maeneo ya mapumziko huingia kwenye van kwa sekunde, na wanajua mfuko wa mkate ukoje.

Orodha ya kubeba

☐ Vitambulisho vya watu wazima, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila hivyo mwananchi anaweza kutozwa kama mgeni
☐ Risiti za malipo, zikiwa zimehifadhiwa kwenye simu kwa sababu mtandao hupotea langoni
☐ Sweta nzito, hata kwa Samburu, kwa ajili ya alfajiri
☐ Nguo za kaki au kahawia
☐ Darubini, angalau moja kwa gari
☐ Maji ya lita tatu kwa kila mtu kwa siku
☐ Tairi la akiba lenye upepo, jeki, kamba ya kuvutia gari na koleo
☐ Dawa za kila siku na za kuhara
☐ Mafuta ya gari, yaliyojazwa Isiolo, Narok au Emali kabla ya kuingia

Mwenye kuanza, pesa zikiwa za usiku mmoja na likizo ikiwa ya Agosti, aende Ol Pejeta. Akiwa na usiku mbili, aendelee hadi Samburu. Mara ingoje mwaka ambao kuna usiku tatu za kuitumia.